Ua Zuri la Uani na Sumu Yake

Juma lililopita nilipokea barua ndefu ya msomaji wetu mmoja, karani wa mjini, ambaye nyumbani kwake milimani anafuga ng'ombe wa maziwa. Ameniomba nisitaje jina lake wala mahali pake, nami naona ombi lake ni la haki, maana kama mtakavyoona, mambo yenyewe yalikaribia kumwaga damu ya watu.

Asema kwamba alipokwenda likizo aliukuta ua wa mbele ya nyumba umekua mno, hata mgeni hauoni mlango. Ua huo ni wa miti ile yenye majani marefu membamba na maua ya rangi ya waridi, ambayo mkewe aliinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara miaka minane iliyopita. Akashika panga, akapogoa siku nzima, na matawi akayarundika karibu na zizi akikusudia kuyaondoa baadaye. Mvua haikunyesha, majani yakakauka. Siku ya nne kijana anayelisha ng'ombe, alipoona nyasi zimepungua, alizoa majani makavu pamoja na mabua ya mahindi, akavikatakata vyote, akavitia horini. Asubuhi ng'ombe mmoja alikutwa amekufa. Wa pili alikuwa akitetemeka, udenda ukimtoka, na miguu yake ilikuwa baridi. Walipojaribu kumtembeza ili apate nguvu, alianguka baada ya hatua kumi, naye akafa.

Sasa karani wetu huyu alikuwa na kesi ya mpaka na jirani yake. Watu wakakusanyika, na kabla ya jua kufika utosini kila mtu alikwisha kukata shauri kwamba ng'ombe wametiliwa sumu na jirani. Vijana wakaanza kutafuta marungu. Kwa bahati njema mzee mmoja wa mji ule alisimama langoni, akasema kwamba hapana mtu atakayetoka mpaka daktari wa mifugo afike. Daktari akaja, akatwaa damu kidogo ya mzoga akaipima kwanza, kisha akapasua, na katika tumbo la kila ng'ombe akatoa vipande vya majani marefu membamba. Akavitazama, akautazama na ule ua, akauliza, "Ni nani aliyepogoa hapa?"

Karani ananiuliza maneno matatu. Kwanza, yawezekanaje ua la kupendeza macho kumwua ng'ombe mwenye kilo mia nne? Pili, ana watoto watatu wadogo. Je, nao wamo hatarini, na likitokea jambo afanye nini? Tatu, je, yampasa kwenda kwa jirani, au anyamaze kwa kuwa jirani hakuguswa na mtu? Hili la tatu nalijibu kwanza kwa kuwa halihitaji elimu. Aende. Jirani alisikia makelele siku ile, na anajua kabisa marungu yale yalikuwa yanatafutiwa nani.

Mti wenyewe waitwa oleanda. Asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati na sehemu za Asia, na kwetu uliletwa kwa ajili ya uzuri wake. Majani yake ni magumu kama ngozi, yamechongoka, yana mshipa mweupe katikati, na kwa kawaida hutoka matatu matatu mahali pamoja juu ya tawi. Maua ni ya waridi, meupe, mekundu au ya rangi ya maziwa mazito. Ni mti usiodai matunzo. Hustahimili kiangazi, joto na vumbi la barabara, wala mbuzi hawautafuni ovyo ukiwa mbichi. Kwa sababu hizo watu huupanda mbele ya nyumba na kando ya njia, bila kujiuliza kwa nini mbuzi, ambaye hula hata kamba ya kufungia mzigo, ameuacha.

Yuko na ndugu yake, nao huitwa oleanda ya manjano, ingawa ni mti wa namna nyingine uliotoka Meksiko na nchi za kitropiki za Marekani ya Kusini. Huu labda ndio unaojulikana zaidi kwetu, hasa katika viwanja vya nyumba za miji midogo na kando ya shule. Majani yake ni membamba zaidi na hung'aa. Ukilikata tawi hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni ya manjano, au rangi ya machungwa hafifu, yenye umbo la kengele. Tunda lake ni la kijani, nono, lenye pembe kama kofia ndogo, na likiiva huwa jeusi. Ndani yake mna kokwa ngumu yenye mbegu. Watoto huyapenda matunda haya kwa kuchezea, na mahali pengine duniani watu hutembea na kokwa yake mfukoni wakidhani yaleta bahati.

Miti hii miwili ina sumu katika kila sehemu yake: majani, maua, maganda, mizizi, utomvu na zaidi mbegu. Tena sumu hiyo haiondoki kwa kukauka. Hapo ndipo palipo mtego kwa mfugaji. Jani bichi ni chungu, na mnyama mwenye shibe hulikataa. Jani kavu uchungu wake hupungua, lakini sumu imebaki. Wataalamu wa mifugo wanaeleza kwamba majani makavu ya kadiri ya gramu 5 kwa kila kilo 100 za uzito wa mnyama yanaweza kuua. Basi ng'ombe wa kilo 400 hahitaji ila gramu 20, na hayo ni majani ya kujaza kiganja kimoja tu. Karani wetu aliwapa gunia.

Jinsi ya kuua kwake ni jambo la kufahamika vizuri, maana asiyelifahamu ndiye hukosea katika kutibu. Sumu hii ni sumu ya moyo. Katika nyama ya moyo mna vijilango vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kusukuma chumvi ya sodiamu nje na kuvuta madini ya potasiamu ndani. Kwa kazi hiyo moyo hujiweka tayari kwa pigo linalofuata. Sumu ya oleanda huvifunga vijilango hivyo. Potasiamu hubaki nje ikazidi katika damu, na ule mpango wa mapigo huvurugika: moyo hupiga polepole, mara huruka pigo, mara hukimbia ovyo, mwisho husimama.

Hapa Afrika Mashariki sumu ya namna hii si ngeni hata kidogo. Wazee wetu waliifahamu kabla ya mwenye duka la miche hajazaliwa. Mti ule ambao Wamasai huuita olmorijoi, na ambao Wakamba, Wagiriama na Wawata waliuchemsha wakapaka mishale yao ya kuwindia, hata tembo akaanguka, ni wa ukoo mmoja na oleanda, na sumu yake hufanya kazi ile ile. Na huko kusini, katika nchi za mto Zambezi, sumu ya mishale ilitoka katika mmea mwingine wa ukoo huo huo. John Kirk, aliyekuwa daktari katika msafara wa Livingstone wa miaka ya 1858 hadi 1863, na ambaye baadaye alijulikana sana Unguja alipokuwa balozi wa Waingereza, aliweka kidogo cha sumu hiyo pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki akaonja uchungu mkali, kisha akaona mapigo ya mshipa wake yamepungua. Kwa ajali ile akatambua kwamba sumu ile hushika moyo. Baadaye profesa mmoja wa Edinburgh, Thomas Fraser, aliichunguza, na hatimaye dawa ya moyo ikapatikana humo. Hata leo wako wagonjwa wetu wa moyo wanaopewa vidonge vya digoksini, ambavyo ni jamaa ya sumu hii, lakini kwa kipimo cha daktari, kidogo mno, na kwa kuangaliwa.

Nadhani mtu akikumbuka mshale hatapuuza tena ua lake.

Sasa nije kwa watoto. Nalo hili silinakili kutoka kitabuni. Mpwa wangu, wakati huo akiwa na miaka minne, alikuwa akicheza duka na wenzake chini ya oleanda ya manjano iliyoota nyuma ya nyumba ya kupanga. Matunda yalikuwa ndiyo bidhaa. Mmoja akauza, mwingine akanunua, na mnunuzi, kama walivyo wanunuzi, akataka kuonja. Baada ya muda mtoto alilalamika kwamba ulimi unamwasha, akatapika. Bibi yake akampa maziwa kikombe kizima, akatapika tena, na mara ya tatu. Kisha akatulia, akalala. Wanawake wa jirani wakasema Mungu ashukuriwe, sumu imetoka yote.

Shemeji yangu hakuridhika. Alimshika mtoto kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kwa saa ya ukutani dakika nzima. Yalikuwa 54. Mtoto wa umri ule akiwa macho hupiga 80 au zaidi, hata 120, na akilala hushuka, lakini si kwa kiasi hicho. Akahesabu tena, akapata 54 tena, na mara mbili moyo ukaruka. Hakungoja alfajiri. Alimfunga mtoto kwa kanga, akachukua matunda mawili na tawi katika mfuko wa karatasi, akaita gari. Hospitalini muuguzi wa zamu alilitazama lile tunda akaenda mbio kumwita daktari. Usiku ule mapigo yalishuka zaidi ya mara moja, nao wakampa dawa ya kuyapandisha. Alikaa huko siku mbili. Sasa ni mvulana mkubwa, tena mkaidi, wala halikumbuki jambo hilo. Bibi yake ndiye asiyelisahau.

Nimeeleza kisa hicho kwa urefu kwa ajili ya ule usingizi. Watu wengi hudhani kwamba sumu ni kama moto, ukizimika umezimika. Sumu ya oleanda haiko hivyo. Dalili za tumbo huja kwanza: kinywa kuwasha au kufa ganzi, kichefuchefu, kutapika tena na tena, maumivu ya tumbo, mara nyingine kuhara. Kisha huenda zikatulia. Mgonjwa huonekana amepona, kumbe sumu iliyokwisha kuingia katika damu bado inaendelea na moyo, na mbegu zilizobaki tumboni bado zinatoa nyingine. Udhaifu, kizunguzungu, kutoona sawasawa, kusinzia, mapigo ya polepole au yasiyo na mpango, kuzimia: haya yaweza kuja baada ya saa nyingi. Kwa sababu hiyo madaktari humweka mgonjwa chini ya macho yao si chini ya saa 24 hata kama anacheka na kuomba chakula, na humzidishia muda kama moyo umeonyesha kasoro yoyote.

Basi afanyeje mzazi? Amwondolee mtoto mabaki kinywani kwa kidole kilichofungwa kitambaa safi, amsukutue kwa maji ayateme, amnawishe mikono na uso. Atazame saa, akumbuke ni wakati gani mtoto alikula, kwa kuwa swali la kwanza la daktari litakuwa hilo. Achukue tunda, tawi au hata matapishi, ayapeleke pamoja na mgonjwa. Kisha aende, na aende mahali penye kipimo cha umeme wa moyo, yaani hospitali ya kaunti au nyingine iliyo kubwa. Zahanati ya karibu ni njema kwa kutulizwa njiani na kupigiwa hospitali simu, lakini si mahali pa kulala na sumu hii. Mgonjwa abebwe, asitembezwe wala kukimbizwa, maana moyo wake hauna nguvu ya kazi ya ziada. Akisinzia alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimpalie. Akizimia, asipumue, mtu ajuaye kukandamiza kifua afanye hivyo bila kukata tamaa mpaka wapate msaada.

Yako mambo ya kutofanya, nayo ndiyo yanayofanywa sana. Usimtapishe kwa kidole, wala kwa maji ya chumvi, wala kwa sabuni. Kutapishwa kwa nguvu huweza kumpalia mtoto, na maji ya chumvi yenyewe yameua watu. Maziwa si dawa ya sumu hii. Kitu kibaya zaidi yanachofanya ni kuwapa watu wa nyumbani moyo wa kungoja. Ndugu zetu wa pwani wana desturi ya kumpa mtu aliyekula sumu maji ya dafu. Dafu ni kinywaji cha heshima, lakini lina potasiamu nyingi, na nimekwisha kueleza kwamba potasiamu ndiyo iliyozidi katika damu ya mgonjwa huyu. Asipewe. Wala usisage makaa ya jikoni ukamnywesha ukisema umesikia kwamba hospitali hutumia mkaa. Mkaa wa hospitali hutengenezwa kwa namna ya pekee, na mgonjwa mwenye usingizi akiuvuta mapafuni hupata balaa la pili.

Kuhusu mkaa huo, hata madaktari wamebishana. Nchi iliyopata mafundisho mengi juu ya oleanda ya manjano ni Sri Lanka, ambako tangu miaka ya 1980 hospitali zimetibu maelfu na maelfu ya watu waliokula mbegu zake. Mwaka 2003 madaktari wa huko walitoa habari za majaribio yaliyoonyesha kwamba mkaa ukirudiwa mara nyingi hupunguza vifo. Mwaka 2008 majaribio mengine, makubwa zaidi, yenye wagonjwa zaidi ya 4,000, hayakuona faida hiyo. Kwa hiyo kila daktari huamua kwa kumtazama mgonjwa aliye mbele yake, hasa kama amefika mapema. Jambo lisilo na ubishi ni ile dawa ya kingamwili ambayo hutengenezwa kwa damu ya kondoo, na ambayo kwanza ilikusudiwa waliozidisha digoksini. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2000, huko huko Sri Lanka, yalionyesha kwamba huikamata sumu ya oleanda na kuurudisha moyo katika mpango wake. Lakini bei yake ni kubwa mno. Dawa hiyo ilipokosekana katika hospitali zao, vifo viliongezeka, na madaktari walilieleza jambo hilo hadharani mwaka 2003. Hospitali nyingi katika nchi zetu hazina akiba yake. Zilizo nazo ni atropini ya kupandisha mapigo, vipimo vya damu, dawa za kupunguza potasiamu, na katika hospitali chache kifaa cha umeme cha kuongoza moyo kwa muda. Vitu hivyo huokoa watu wengi, ila vyahitaji mgonjwa afike akiwa bado ana moyo wa kuongozwa.

Naongeza neno moja ambalo si la watoto. Hutokea mtu mzima, kwa huzuni au ugomvi wa nyumbani, akala mmea huu kwa kujua. Safari yake ni ile ile, hospitalini, upesi, tena bila kugombezwa njiani. Zamani jamaa walimficha mtu wa namna hiyo kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria ya Kenya ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Mtu asife ndani ya nyumba kwa ajili ya hofu ya jambo hilo. Mwelezeni daktari kweli yote, na akipona msimwache peke yake na yale yaliyomsumbua.

Turudi zizini. Mfugaji mara nyingi haoni dalili yoyote ila mzoga, kwa kuwa mnyama hufa ghafula usiku. Aliye hai hutokwa na udenda, hukataa chakula, tumbo husimama bila kucheua, hutetemeka, huhara pengine kwa damu, miguu na masikio huwa baridi. Ondoa chakula chote kilichomo horini, kisha mwache mnyama asimame au alale alipo kivulini. Karani wetu hakujua kwamba zile hatua kumi ndizo zilizommalizia ng'ombe wa pili. Mwite daktari wa mifugo upesi. Anazo dawa za kujaribu, ingawa simfichi msomaji kwamba wengi hawaponi.

Mzoga usipasuliwe na mtu yeyote kabla ya daktari kufika. Nasema haya kwa sababu ng'ombe aliyekufa ghafula, hasa akitokwa na damu isiyoganda puani au nyuma, huenda amekufa kwa kimeta, na kimeta humwua mpasuaji pia. Ndiyo maana yule daktari alipima damu kwanza. Nyama ya mnyama aliyekufa kwa oleanda nayo isiliwe, wala wasipewe mbwa. Najua ni vigumu kuzika kilo mia nne za nyama mbele ya watu wenye njaa. Zikeni.

Mtu asije akafikiri kila mti mzuri ni oleanda. Ule wenye maua makubwa meupe yaning'iniayo kama tarumbeta una sumu pia, lakini dalili zake ni kinyume: kinywa hukauka, mboni za macho hupanuka, mapigo hukimbia, na mtu husema maneno ya ovyo kama mwenye wazimu. Mbegu za mbarika, zenye madoadoa kama kupe, ni hatari nyingine. Kwa hiyo nimesisitiza kuchukua tawi la mmea wenyewe. Maneno ya "alikula tunda fulani la kijani" hayamsaidii daktari.

Limebaki swali la kung'oa. Kwa maoni yangu mtu asiye na mtoto mdogo wala mfugo anaweza kubaki na oleanda yake, kama ajua ni kitu gani. Mwenye vyote viwili, kama karani wetu, sioni sababu ya kuwa nayo. Na shule yenye oleanda ya manjano uwanjani ingefanya vyema kuondoa miti hiyo kabla ya kununua rangi ya kupaka kuta. Mahali pake panafaa ua wa mimea isiyo na madhara kwa watoto. Wa maua ya haibiskasi, mathalani, hupendeza na kukatika vizuri.

Anayeng'oa avae glavu, na mikono mirefu, asijipanguse macho. Utomvu ukiingia jichoni aoshe kwa maji mengi ya kutiririka kwa dakika 15 au 20, kisha aende kutazamwa. Matawi yasichomwe karibu na nyumba, wala yasitumiwe kwa kuni jikoni, maana moshi wake nao si salama, na kijiti chake kisichongwe mshikaki kamwe. Yafukiwe katika shimo refu mbali na zizi na mbali na kisima, siku ile ile yanapokatwa, kabla ya majani kukauka na kupeperuka. Majani yaliyoanguka chini yafagiliwe hata la mwisho. Tena visiki hivi ni vigumu kufa. Mvua za kwanza zikinyesha, karani na azunguke mbele ya nyumba yake atazame machipukizi, ayang'oe yakiwa bado laini, na amwonyeshe kijana wake wa ng'ombe jani lilivyo.